Picha na Filimbi: Vijana wa Kongo Wenye Walisemesha Barabara

Wakati tulijulisha kwenye mukutano wa shirika letu kama tutaandika juu ya vijana wenye kupiga filimbi kwenye njia panda za miji yetu, muzee mumoja alitikisa kichwa. Akauliza: « Sasa filimbi ni mila ya nani? Sisi tulikuja hapa juu ya ngoma, juu ya masanamu, juu ya mambo ya bankambo. Politiki muiachie banapolitiki. » Watu walicheka, lakini hakuna mutu mwenye alimujibu vizuri. Makala hii njo jibu letu. Imechelewa kidogo, lakini mwalimu anamalizaka kwanza kusahihisha kartasi za wengine mbele ya kuandika zake.

Tuanzie nyumbani. Wale wenye walikomalia Lubumbashi, Likasi ao Kipushi wakati wa Zaïre wanakumbuka picha ya saloni. Karibu kila nyumba ya mufanyakazi ilikuwa nayo. Ingine ilikuwa ya mambamuntu, ule mwanamuke mwenye mukia wa samaki. Ingine ilikuwa ya Lumumba. Na ingine, ile yenye ilikuwa kwetu juu ya redio, ilikuwa ya « Colonie belge »: mufungwa amelala chini, askari mweusi anamupiga fimbo, muzungu anasimama pembeni na kofia yake nyeupe, na bendera ya Ubelgiji iko juu. Baba yetu hakutuelezaka hata siku moja sababu gani aliinunua. Wageni njo walikuwa wanaeleza. Mumoja aliangalia askari mwenye kupiga fimbo, kiisha akauliza polepole: « Na huyu, mulimutambua? » Sisi watoto tulifikiri kama anataja mutu wa zamani. Nyuma ya miaka mingi njo tulielewa kama hakukuwa anasema mambo ya zamani.

Wachoraji wa picha zile walikuwa vijana. Jambo hili watu wanalisahau, juu picha zenyewe zimezeeka. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Lubumbashi (wakati ule Elisabethville) mwaka wa 1947. Alikuwa hajafikisha hata miaka 30 wakati alichora, mu 1973 na 1974, historia yote ya inchi kwa picha 101, kuanzia wafalme wa zamani mupaka Mobutu, na hata mambo yenye yalikuwa hayajafika bado. Johannes Fabian, mwenye alikuwa anafundisha ku universite ya Lubumbashi, alizinunua na akamurekodi Tshibumba akieleza kila moja kwa Kiswahili chetu. Mu 1996 ilitoka kitabu. Tshibumba alijiita mwana-historia mbele ya kujiita muchoraji. Alikuwa anachora juu ya magunia ya unga, anabeba picha chini ya kwapa, anazunguka muji kutafuta wanunuzi, franga ya leo kwa chakula cha leo. Kuanzia miaka ya 1980 hatuna tena alama yake. Hakuna kaburi lenye tunaweza kuonyesha wanafunzi.

Musomaji atasema: lakini saloni haiko barabara! Ni kweli. Na hapo njo kuko maana ya jambo lote. Picha ilikaa ndani ya saloni juu barabara ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Chama.

Tunapenda kubakia hapa kidogo, juu wengi wanapita haraka. Kuanzia miaka ya 1970, nyuma ya safari za Mobutu kule China na Korea ya Kaskazini, inchi nzima iliingia ndani ya kile kiliitwa « animation politique ». Vijana wa shule, wafanyakazi wa kampuni, mama wa soko, walimu pia, wote walipaswa kucheza na kuimba sifa za Guide. Kila jimbo lilikuwa na kikundi chake, na kulikuwa na mashindano. Nyimbo zilitoka wapi? Zilitoka ku vijiji vyetu. Walichukua wimbo wa ndoa, wimbo wa mavuno, wimbo wa kupokea mutoto, wakabakiza ngoma na sauti, wakatosha maneno na kuingiza jina la mutu mumoja. Wakati viongozi wageni walifika ku uwanja wa ndege, wasichana walisimama ku jua saa nyingi na kitambaa chenye kichwa cha Raisi juu ya mwili. Sisi wenyewe tulikuwa watoto wa primeri ku mwisho wa wakati ule, na tunakumbuka tulikuwa tunaimba kila asubuhi mbele ya bendera, tumbo likiwa bila kitu, tukitaja baraka zenye tulipata.

Basi wakati mutu anasema kama vijana wa leo wanachafua mila kwa kuiingiza ndani ya politiki, tunamuomba akumbuke nani aliiingiza wa kwanza. Vijana hawakufanya ndoa ya ngoma na politiki. Waliikuta tayari, na kwa kweli ilikuwa ndoa ya nguvu.

Mbele ya Chama, barabara ilikuwa na mwenyewe mwingine. Mwezi wa 12 mwaka wa 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara, na tarehe 9 walikusanyika ku kiwanja cha mupira cha Elisabethville. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pale, na makumi ya wengine pamoja naye, kwa risasi za askari. Tshibumba alichora siku ile, hata kama alizaliwa miaka sita nyuma yake. Alisikia kwa wakubwa. Tarehe 4/1/1959, mu Léopoldville, mukutano wa Abako ulikatazwa, na watu wenye walitoka kuangalia mupira wakachanganyika na wenye walikosa mukutano. Muji ukawaka. Mwaka mumoja na nusu nyuma yake tulipata uhuru. Tarehe 4/6/1969 wanafunzi wa Lovanium walitembea ndani ya Kinshasa juu ya masomo na bourse, askari wakafyatua. Mu 1971 wenzao walipotaka kukumbuka wafu wale, Mobutu aliwaingiza wote ku jeshi. Kijana alienda kulia rafiki yake, akajikuta na kofia ya chuma ku kichwa.

Tunapita haraka juu ya miaka ya 1990, si kwamba haikuwa na maneno, lakini juu kila mutu mwenye miaka zaidi ya 40 anaweza kueleza yake. Tutaje kitu kimoja tu: « parlement debout ». Nyuma ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24/4/1990, magazeti yalizaliwa kama uyoga nyuma ya mvula, lakini wengi hawakukuwa na franga ya kuyanunua. Muuzaji aliyatandika chini ao aliyafunga ku kamba, watu wakasimama kusoma vichwa vya habari, mumoja akasoma kwa sauti, mwingine akabisha, na hivi bunge likaanza, bila kiti, bila mushahara. Wazee wetu walikuwa na fasi ya kuzungumuzia chini ya muti ao ku baraza ya nyumba. Muji ulikata miti, watu wakaweka magazeti mu nafasi yake.

Sasa tufike kwa vijana wenye muzee wetu aliwalalamikia.

Hapa Lubumbashi mambo yalianza tena kwa picha. Gécamines ilikuwa imeanguka. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka ku kazi kwa kile kiliitwa « départ volontaire », na wenye walitoka wanajua ule « volontaire » ulikuwa wa namna gani. Watoto wa wafanyakazi wale wakakomaa kati ya mashini zenye kufa. Mumoja wao, Sammy Baloji, mwenye alizaliwa hapa mu 1978, alitengeneza mu 2006 picha zenye aliita « Mémoire ». Alikamata picha za zamani za ukoloni, wafungwa wenye minyororo ku shingo, wafanyakazi wa uchi mbele ya daktari, mabwana wenye kofia, akawasimamisha ndani ya picha za leo za kampuni yenye kuwa magofu. Ni kazi ileile ya Tshibumba: kuweka ya jana na ya leo fasi moja, kiisha kunyamaza ili mutazamaji aseme mwenyewe. Mu 2008 yeye na wenzake kama Patrick Mudekereza walianzisha hapa mikutano ya picha yenye ikakuwa Biennale ya Lubumbashi. Jina la shirika lao ni Picha. Angalia vizuri: hawakutafuta jina la Kifaransa.

Na jina la pili la Kiswahili lilikuja miaka saba nyuma, tena mu Kinshasa, muji wa Lingala!

Tarehe 15/3/2015, ku sehemu ya Masina, ku fasi ya vijana na muziki yenye kuitwa Eloko Makasi, vijana walikusanyika kutangaza harakati mupya ya raia. Jina lake lilikuwa Filimbi. Walialika wenzao wa Senegal, wale wa Y'en a marre, na wa Burkina Faso, wale wa Balai citoyen. Y'en a marre ilizaliwa kati ya waandishi wa habari na waimbaji wa rap, Balai citoyen kati ya waimbaji; na mwezi wa 10 mwaka wa 2014 vijana wa Burkina walikuwa ndani ya wale wenye walimutosha Blaise Compaoré nyuma ya miaka 27. Serikali ya hapa ilijua hesabu ile. Siku ileile polisi na askari walivamia fasi na kukamata watu karibu 30. Wageni walifukuzwa ndani ya inchi. Fred Bauma wa LUCHA na Yves Makwambala wa Filimbi walibakia ku buloko mupaka mwezi wa 8 mwaka wa 2016: miezi 17.

Sababu gani filimbi? Tulifikiri sana juu ya neno hili, na hapa tunatoa mawazo yetu wenyewe, musomaji anaweza kubisha. Ku Kongo, filimbi ni ya nani? Ni ya polisi wa roulage mwenye kusimamisha gari ili apate ya sukari. Ni ya arbitre. Ni ya mukubwa wa nidhamu ku shule, na sisi walimu tunajua utamu wake: unapiga mara moja, watoto 600 wanasimama. Mwenye filimbi njo mwenye kuamuru. Basi siku mutoto mwenye hana cheo anaiweka ku mudomo na kumupigia mukubwa, kama vile arbitre anapigia muchezaji mwenye kukosa sheria, anageuza dunia juu-chini. Hakutupa jiwe. Hakutukana. Alikamata tu chombo cha mukubwa. Na bei yake ni kidogo, kila mutu anaweza kununua moja.

Usiku wa tarehe 19 kuamukia 20/12/2016, wakati mandat ya pili ya Joseph Kabila ilikuwa inaisha bila uchaguzi, watu wa sehemu nyingi za Kinshasa walipiga filimbi na sufuria ndani ya giza. Sufuria tena! Chombo cha mama. Siku zile makumi ya watu walikufa ndani ya inchi, hapa Lubumbashi pia. Kelele ya sufuria haikuua mutu. Risasi njo ziliua.

LUCHA, tumeitaja jina bila kueleza. Ilizaliwa Goma mu 2012 kati ya vijana, wengi wao wanafunzi wa universite. Maana ya herufi zake ni « Lutte pour le changement ». Hawakutaka kuwa chama, hawakutaka kuwa na raisi, na hili liliwasumbua polisi, juu polisi wanapenda kujua kwanza « chef ni nani? ». Walianza na mambo ya karibu. Goma inakaa pembeni ya ziwa Kivu, lakini watu, zaidi sana watoto na wanawake, walikuwa wanatembea na bidoni za litre 20 kutafuta maji. Barabara zilikuwa mawe ya volkano, nyuma ya Nyiragongo kumwanga moto wake ndani ya muji tarehe 17/1/2002. Vijana wakadai maji, wakadai barabara, wakadai kazi. Walikaa chini mbele ya mulango wa mukubwa, bila kurusha kitu. Walifagia pia barabara wenyewe, na hapa kuko jambo lenye linatupendeza: salongo, ile kazi ya wote yenye Mobutu aliifanya kuwa ya lazima, wao waliifanya bila mutu wa kuwaamuru. Mukubwa mwenye anapita ndani ya gari na kuona mutoto anamufagilia barabara yenye yeye alilipwa kuitengeneza, atajibu nini?

Mwezi wa 2 mwaka wa 2016, upinzani na vyama vya raia viliomba wakaaji wa inchi yote wakae nyumbani siku moja, tarehe 16, siku ya kukumbuka Wakristo wenye waliuawa Kinshasa wakitembea tarehe 16/2/1992. Mu Goma, vijana sita wa LUCHA walikamatwa asubuhi sana, ndani ya nyumba, wakiandika maneno ku vitambaa. Walipewa miaka miwili ya buloko. Ku rufaa ikashushwa kuwa miezi sita. Mumoja alikuwa Rebecca Kabugho, musichana wa miaka kama 20 na kitu. Mwaka wenye kufuata Marekani ilimupatia tuzo ya wanawake wenye moyo wa ujasiri. Sisi tunafundisha watoto kuandika. Tunawapunguzia pointi juu ya alama ya kituo na herufi kubwa. Hatukuwaambiaka kama maandiko juu ya kitambaa, mbele hayajakauka, yanaweza kuleta miaka miwili.

Kuko wenye wanasema kama haya yote yalifundishwa na wazungu na watu wa Dakar. Hatuwezi kukataa kama kuko mafranga ya inje yenye inazunguka, na kama vijana fulani walianza ku barabara na wakamaliza ku kabine ya minisita, kimya kabisa. Tumewaona hapa pia. Lakini mwenye anasema kama ni kitu cha kigeni aende Kinshasa, ku festivali KinAct yenye Eddy Ekete na wenzake walianzisha mu 2015. Pale vijana wanavaa kutoka kichwa mupaka miguu vitu vyenye wanaokota: nyuzi za umeme, masanduku ya maziwa, telefone zenye kufa, chupa za plastike, sindano za hospitali. Wanatembea ndani ya soko, watu wanakimbia kwanza, kiisha wanarudia kuangalia. Mwenye kuvaa telefone zenye kufa hahitaji kueleza coltan. Mwenye kuvaa nyuzi ndani ya kartie yenye haina umeme hahitaji kusema hotuba. Na muzee wetu, mwenye anajua masanamu na mavazi ya mukanda vizuri kutupita, atambue mwenyewe: mutu anafunika sura yake, anakuwa kitu kingine, anaingia kati ya watu na kusema ile haiwezi kusemwa kwa sura ya wazi. Majani na nyuzi za miti havipatikane tena mu muji. Muji unazaa takataka, basi mavazi yanatoka ku takataka.

Bei yenye walilipa hatutaki kuipamba. Tarehe 25/2/2018, Rossy Mukendi alipigwa risasi Kinshasa, ku parokia Saint-Benoît ya Lemba, siku ya matembezi ya Wakristo. Usiku wa tarehe 10/6/2018, Luc Nkulula wa LUCHA alikufa Goma ndani ya nyumba yake yenye kuwaka moto. Wenzake hawakukubalika kama ilikuwa bahati mbaya tu. Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, M23 iliingia Goma mara ya pili, nyuma ya ile ya tarehe 20/11/2012. Tarehe 13/2/2025, mwimbaji kijana Delcat Idengo, mwenye alikuwa amefungwa mbele juu ya nyimbo zake chini ya serikali ya Kinshasa, alipigwa risasi na kufa ndani ya muji ule, siku yenye alikuwa anatengeneza video ya wimbo. Wenye bunduki walibadilika; mwimbaji alikuwa uleule.

Tulisoma sehemu ya makala hii kwenye mukutano wenye kufuata. Wakati tulifika ku mambo ya animation politique, muzee alitusimamisha. Akasema kama yeye alicheza. Alikuwa kijana wa miaka 22, wa kikundi cha kampuni yake, na walienda mupaka Kinshasa kushindana, wakalala chini ku simenti ya shule siku nne. Tukamuuliza ni wimbo gani. Akataja jina la Guide lenye walitia ndani, kiisha akanyamaza, kiisha akasema kama mbele ya pale ulikuwa wimbo wa mama yake, wa kusindikiza bibi-arusi mupya ku mulango wa nyumba ya bwana, na kama kijijini hakuna tena mutu mwenye anakumbuka maneno yake ya kweli. « Na weye, muzee? » Alifunga macho, akatafuta kwa muda murefu. Akauimba kwa maneno ya mama yake, mistari mitatu. Wa inne ulikatala kuja. Karani wa shirika aliandika ile mitatu ndani ya daftari na akaacha nafasi chini.